Mtu wa Juu na Mtu wa Chini

Enzi zetu pale Ujiji nyumba nyingi zilikuwa bado za nyasi, na paa la nyasi halipigiliwi misumari. Linashonwa. Nyinyi wa umri wangu mnalijua hili, lakini wajukuu wenu hawalijui, kwa hiyo nalieleza. Mtu mmoja anakaa juu ya paa, mwingine anasimama ndani ya nyumba. Wa juu anachomeka sindano, yaani kijiti kirefu kilichochongwa ncha na kutobolewa tundu la kamba. Wa chini anaipokea, anaizungusha kwenye fito, anairudisha. Wa juu anavuta, anakaza, anasogea. Hawaonani. Kati yao kuna nyasi tu na sauti.

Sharti lilikuwa moja. Paa likiwa wazi, majina hayatajwi. Aliye juu anaitwa Wa Juu, aliye chini anaitwa Wa Chini, hata akiwa ni baba yako mzazi. Tulifundishwa hivyo kama tulivyofundishwa kunawa mikono. Ukimuuliza bibi kwa nini, anakujibu, "Nyumba ikiwa wazi juu, hujui nani yumo." Kisha anakupa ungo wa muhogo upepete, kwa sababu aliona mtoto anayeuliza sana hana kazi ya kufanya.

Nakumbuka uwanja wetu wa nyuma vizuri kuliko ninavyokumbuka nilichokula jana. Harufu ya dagaa walioanikwa mchangani ilipanda kutoka ziwani, na kwa jirani mawese yalikuwa yanachemka karibu kila siku. Tulikula ugali wa muhogo na migebuka, na siku samaki hakuna tulikula sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, tukalamba vidole. Siku hizi ukimtengea mtoto sombe anaiangalia kama dawa ya minyoo, halafu anakuuliza chipsi. Mimi nilisoma madarasa machache nikatolewa, lakini mdako niliujua. Mimi na Zaina wa jirani tulichimba kishimo chetu chini ya mkuyu, tukarusha vijiwe mpaka viganja vikawa vyekundu.

Huo mkuyu ulikuwa mkubwa, na tawi lake moja lilinyooka juu ya chumba cha mama. Kila kiangazi baba alisema atalikata. Kila kiangazi bibi, mama yake baba aliyekuwa akiishi nasi, alimwambia aliache.

Mama wakati huo alikuwa na mimba iliyokaribia. Baada ya kunizaa mimi alikuwa amezaa mara mbili na kuzika mara mbili. Mmoja alimzaa njiani akitoka shamba, mwingine msibani kwa watu. Huyu wa sasa, alisema, atamzaa kitandani kwake, chini ya paa lake, hata dunia ipinduke. Bibi, ambaye hakuwa mtu wa kukubaliana na mkwe wake upesi, kwa hili alikubali.

Tawi lilianguka mchana, jua likiwa la utosi. Hapakuwa na upepo. Ziwa lilikuwa limelala kama mafuta ndani ya sufuria, na kuku walikuwa wamenyamaza chini ya ghala. Mimi na Zaina tulikuwa tumeshaingia uani kutafuta maji ya kunywa. Sikusikia mti ukikatika. Nilisikia kama mtu mzima anavuta pumzi ndefu, halafu kishindo, halafu vumbi la nyasi kila mahali.

Mama alikuwa jikoni anaosha vyombo. Tulipoingia chumbani tulikuta ncha ya tawi imesimama juu ya kitanda chake, na majani yake mabichi kabisa, kana kwamba limeota pale. Mkuyu ukivunjika hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Ulikuwa unadondoka tone kwa tone kwenye godoro, mahali mama alipozoea kuweka ubavu wake. Mama akaangalia yale maziwa, akashika tumbo. Bibi akatutoa watoto nje.

Wanaume wa mtaa walilivuta tawi jioni ile ile. Kulipokucha milima ya Kongo ilionekana karibu sana, kila bonde lake, na sote tunajua maana yake. Mvua ilikuwa inavuka ziwa. Mama naye alikuwa ameanza kushika kiuno. Kwa hiyo kazi ilikuwa moja: paa lifungwe kabla ya mvua na kabla ya mtoto.

Baba akamwita mdogo wake, aliyekuwa akifanya kazi stesheni ya reli Kigoma. Jina lake silitaji, na mkisoma mtaona kwa nini. Baba mdogo alikuwa mtu wa mzaha, mwenye sauti nzuri ya kuimba, na mambo ya bibi aliyaita mambo ya shamba. Lakini alishika sharti, maana bibi alikuwa amekaa pale pale anasuka kamba za mgomba. Yeye akapanda juu, baba akaingia ndani.

Asubuhi yote walitaniana.

"Wa Chini, umekufa huko?"

"Wewe shona. Kamba yako imelegea kama suruali yako."

"Suruali hii imenunuliwa na serikali. Ya kwako imenunuliwa na nani?"

Sisi tulicheka. Hata bibi alificha mdomo kwa khanga.

Karibu na adhuhuri bibi alimpungia baba mkono kutoka mlangoni, aje anywe uji. Baba akatoka kimya, akidhani mdogo wake ataona sindano hairudi na kupumzika. Alisimama nasi uani, kata ya uji mdomoni. Nami nikainua macho juu ya paa.

Baba mdogo alikuwa anachomeka sindano. Sindano ikarudi. Akavuta, akakaza, akasogea. Akachomeka tena. Ikarudi tena, haraka, mahali pake hasa.

"Enhe," akasema baba mdogo, "sasa ndiyo unashona. Ulikuwa wapi tangu asubuhi?"

Baba akashusha kata. Uji ukamwagika miguuni pake na hakuufuta. Bibi aliacha kusuka. Ndani ya nyumba hamkuwa na mtu. Mama alikuwa kwa jirani, na sisi wengine wote tulikuwa pale uani. Sindano ikaendelea kushuka na kupanda, safu nzima.

Halafu sauti ikamwita. Ilitoka ndani, ya upole, wala si ya mwanamume wala si ya mwanamke. Ilitaja jina lake lote, na jina la baba yake.

Baba mdogo akaitika, "Naam."

Sindano haikurudi tena.

Bibi akainuka, akasogea chini ya paa. "Wa Juu, kaa hapo hapo. Usishuke. Umeitwaje?"

"Jina langu. Nikadhani ni kaka." Kisha akamwona baba uani, akashika nyasi kwa mikono yote miwili.

Baba akachukua kisu, akasema anapanda kukata ile safu. Bibi akamzuia. "Usiguse. Kazi imefanyika, na aliyeifanya ametaja ujira wake. Ametaka jina. Apewe."

"Mama," akasema baba mdogo kule juu, na sauti yake ya kuimba ilikuwa imekwisha, "jina hilo umenipa wewe."

"Ndiyo. Na mimi niliyekupa ndiye ninayelitoa. Kuanzia leo usiliitike. Na nyinyi," akatugeukia, "atakayelitaja katika ukoo huu asinijue."

Hivyo tu. Hapakuwa na ngoma wala mganga. Lakini paa lilikuwa bado na tundu, wingu lilikuwa limefika katikati ya ziwa, na baba yangu, mwanamume aliyevua usiku bila woga, hakuweza kuvuka kizingiti. Simlaumu. Mguu uliinuka ukarudi chini.

Mama ndiye aliyeingia. Alikuja kutoka kwa jirani akijishikilia ukutani, akauliza kwa nini kazi imesimama, akaambiwa. Akamtazama baba, akamtazama bibi. "Humo ndimo nitakamolala mimi. Nipisheni."

Tulimsikia akisogeza kitanda. Halafu, "Wa Juu, leta."

Baba mdogo hakuleta mara moja. "Wa Chini, ni wewe?"

"Ni mimi. Leta."

Kila safu alimuuliza. Kila safu mama alimjibu hivyo hivyo, na safari nyingine jibu lilichelewa kwa sababu uchungu ulikuwa umemshika, na sisi uani tukazuia pumzi mpaka tusikie "leta." Matone ya kwanza yalianguka fundo la mwisho likikazwa. Bibi na mama Zaina wakaingia, mlango ukafungwa. Mdogo wangu alizaliwa mvua ikipiga nyasi mpya, akalia kwa nguvu. Yuko Gungu mpaka leo, ni bibi mwenye wajukuu, na ukimkera analia vile vile.

Baba mdogo akawa Wajuu. Stesheni wakamwita Wajuu, mkewe akamwita Wajuu, wageni wakadhani ni jina la Kiha. Aliishi mpaka mvi zikamwisha kichwani, lakini kuimba hakuimba tena. Jina lake la kwanza ni la kawaida sana, pengine wewe unayesoma unalo. Sokoni mtu akiitwa jina hilo, yeye aliinamisha kichwa na kuongeza mwendo. Na tulipokuja kuezua nyasi ili tuweke bati, mafundo yote yalifunguka kwa mkono, isipokuwa ya ile safu moja. Ile ilibidi ikatwe kwa shoka. Chini yake nyasi zilikuwa kavu kama siku zilipowekwa.

Masika iliyopita tawi liliangukia nyumba yangu ya hapa Katubuka, likakunja bati. Wajukuu walikuja na bodaboda, misumari na muziki wa simu. Wakaitana majina kutoka juu mpaka mtaa wa pili ukayajua. Mmoja alijipiga picha amesimama kwenye kipaa, akairusha kwa watu asiowajua, na jina lake limeandikwa chini.

Nikamwambia, "Wewe wa juu, shuka ule."

"Bibi, umeshanisahau jina?" akacheka, na wenzake wakacheka. Nikawaacha.

Nasema kweli, wanafanya kazi upesi kuliko wazee wetu, na bati lao halivuji. Lakini bati halihitaji mtu wa chini. Walipokuwa wanapiga nyundo niliingia chumbani, nikasimama chini ya lile tundu, nikaangalia juu mpaka shingo ikauma. Wakaweka bati, giza likaingia, wakapigilia, wakashuka. Hakuna aliyeuliza kama kulikuwa na mtu ndani.