Mama Sekunde na Cherehani ya Fundi Viatu

Saa nane mchana kasoro dakika moja. Katika chumba cha nyuma cha duka la fotokopi, mwanamke wa miaka arobaini na tatu ameketi kwenye kiti cha plastiki, kompyuta mapajani, simu mbili mezani. Upande wa pili wa ukuta wa mbao mashine inanguruma na mtu anaulizia bei ya kudurufu cheti. Hageuki.

Kwenye kioo cha kompyuta kuna picha ya jokofu la dukani, lile la mlango wa kioo. Watu wanne wanalishindania tangu Jumatatu, kila mmoja akimpandishia mwenzake dau. Yeye hajaweka chochote. Anahesabu kwa sauti ya chini kuanzia kumi kurudi nyuma, na akifika tatu anabonyeza.

Kufumba na kufumbua, mnada umefungwa. Jokofu ni lake, au tuseme ni la mfanyabiashara aliyemtuma. Wale wanne wameachwa kwenye mataa.

"Haya, chai iko wapi?" anasema, na kunyoosha vidole.

Mtaani wanamwita Mama Sekunde. Kazi yake ni kuwashindia watu minada ya mtandaoni, hasa ile ya vitu vilivyokamatwa kwa walioshindwa kulipa mikopo. Wateja wake ni wachuuzi wasio na muda wa kukodolea macho simu mchana kutwa. Akishinda, analipwa sehemu ndogo ya bei. Akishindwa, hapati hata nauli. Mwezi ukiwa mzuri anaambulia laki mbili na nusu, na kodi ya nyumba inameza laki nzima.

Kabla ya hapo alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya bima kwa miaka kumi na minne. Ofisi ilipofungwa, alitoka na barua ya shukrani na kasi ya vidole. Barua haikumsaidia kitu.

Anaeleza kazi yake kwa makini, kama mtu anayefundisha kupima dawa. Ukibonyeza zikiwa zimebaki sekunde tano, mpinzani mwepesi anaweza kukujibu. Ukisubiri ibaki moja, mtandao unakumeza. Tatu ndiyo saizi yake, na aliijua baada ya kupoteza bidhaa kumi na moja. Picha haangalii sana. Anaangalia namba ya bidhaa, kiwango alichopewa na mteja, na saa.

"Sheria ya mnada inaruhusu," anasema. "Sijamwibia mtu. Nilikuwa nikisema hivyo hata kabla sijaulizwa, na hilo peke yake lingetosha kunishtua."

Kilichomshtua kilikuja kupitia mguu wa mwanawe.

Ana binti mmoja, wa miaka tisa, aliyezaliwa na mguu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia. Bila kiatu chenye soli nene, mtoto anatembea akiyumba, nyonga zinauma, na ikifika jioni analia kimyakimya kwa sababu hataki kumtia mama yake simanzi. Karakana ya hospitali inatengeneza viatu vya aina hiyo, lakini foleni yake ni ya mwaka mzima, na mguu wa mtoto hausubiri foleni.

Kwa miaka mitano aliyewaokoa ni fundi viatu wa barabara ya pili. Mtoto anamwita Mjomba. Alikuwa na cherehani nzito ya umeme, iliyoweza kupenya soli nne zilizopangwa pamoja. Kila mguu ulipokua, alipima upya kwa kamba, akakata, akashona, na hakuwahi kumtoza mama bei ya kumwumiza.

Miezi mitatu iliyopita walikwenda kupimwa tena. Wakamkuta fundi ameinama, anashona kwa mkono, vidole vimefungwa plasta. Mahali pa cherehani pamebaki alama nne za miguu yake sakafuni.

Fundi aliwasimulia yaliyompata. Alichukua mkopo wa kutengeneza paa la duka, mvua ikaharibu ngozi zote alizoweka akiba, akashindwa kurejesha. Wakaja wakaibeba cherehani. Akaambiwa kama anaitaka, aikute mnadani kama watu wengine.

Akaikuta. Kwa siku sita alipandisha dau kidogokidogo. Jumamosi aliuza baiskeli, akapandisha. Jumatatu mkewe akapokea zamu yake ya mchezo wa kuchangiana wa akina mama, akapandisha. Alhamisi mchana shemeji yake alikuwa amesimama kwenye kibanda cha kutuma pesa, nyingine zikiwa njiani, na fundi alikuwa bado anaongoza. Ghafla hakuwa anaongoza tena, na mnada ulikuwa umefungwa.

"Nilidhani simu imekwama," alisema. "Nikaizima nikaiwasha."

Mama Sekunde akauliza ilikuwa saa ngapi. Akaambiwa saa nane. Alhamisi ile, saa nane, alimshindia muuza vipuri mmoja cherehani, na alikumbuka vizuri jinsi alivyomcheka yule mpinzani wa vijisenti. Katika kazi yao, anayepandisha kidogokidogo huonekana mgeni wa mnada, mtu wa kupigwa bao bila jasho.

Alimshika mwanawe mkono wakarudi nyumbani, mtoto akiuliza kwa nini Mjomba hakupima mguu.

Kesho yake alimfuata muuza vipuri, akamwomba amuuzie ile cherehani hata kwa faida. Alikuwa amechelewa. Mota ilishaondoka, kichwa kilishauzwa, na meza yake ilikuwa imewekewa makopo ya rangi. Muuza vipuri hakuwa na kinyongo, ila hakuona kosa. Alimwambia kwamba mnada unamruhusu kila mtu kuandika tangu siku ya kwanza kiwango chake cha mwisho, mtandao ukampandishia wenyewe. Anayepigwa dakika ya mwisho ni yule aliyeficha kiwango chake, basi alaumiwe nani?

Maneno hayo yalimpa nafuu kwa siku mbili. Ya tatu alikwenda dukani kwa fundi, peke yake, akamwambia kila kitu akiwa amesimama mlangoni.

Fundi aliendelea kukwangua gundi kwenye soli.

"Ilikuwa imebaki sekunde ngapi?" akauliza.

"Tatu."

Akatikisa kichwa. Mama Sekunde, kwa kutapatapa, akamrudishia yale ya muuza vipuri, kwamba angeandika kiwango chake cha mwisho mapema. Anasema hilo ndilo jambo analolijutia kuliko kubonyeza kwenyewe.

"Kiwango changu cha mwisho sikukijua, dada," fundi alimjibu. "Kilitegemea shemeji ameamkaje siku hiyo." Kisha akamweleza habari za minada ya zamani, ya uwanjani. Mwenye mali alikuwa anasimama kando ya kitu chake, ameweka mkono juu yake. Mafundi wenzake wakimwona hivyo walitazama chini wasipandishe dau, na dalali naye akiharakisha kugonga nyundo. Hakuna aliyeagizwa kufanya hivyo. "Ningekuwa nimeishika mashine yangu, usingenipiga. Wewe si mtu mbaya. Lakini kwenye simu mtu unashika nini?"

Akafunga duka saa nne asubuhi, akaenda zake.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Fundi alimshonea mtoto kiatu kwa mkono hata hivyo, akakituma bila maneno. Kilidumu siku tisa, soli ikaachia barabarani, mtoto akaanguka na kupasuka nyusi. Sasa anavaa kiatu cha zamani kilichokatwa mbele ili vidole vitoke. Shuleni wamempa jina, na mama hataki jina hilo liandikwe gazetini.

Wakati huo wote Mama Sekunde hakuacha kazi. Hana nyingine. Anakiri kwamba aliishusha mikono mara mbili, saa ikakimbia hadi sifuri, na mteja mmoja akamhama. "Dhamira ni kitu kizuri," anasema, "ila mwenye nyumba haipokei."

Wiki iliyopita fundi alikuja mwenyewe kwenye duka la fotokopi. Alisubiri watu watoke, akatoa simu. Cherehani nyingine ya aina ileile imeingia mnadani na itafungwa Ijumaa. Familia yake imekusanya fedha kwa mara ya pili, na safari hii hakuna baiskeli ya kuuza.

"Ulinitoa," akamwambia. "Niingize."

Mama Sekunde alipendekeza waende kwa njia iliyonyooka, waweke dau lao lote mapema ili kila anayeitaka ajue. Fundi alikataa katakata. Yeye anamjua mtu anayezidiwa dau siku sita kabla ya mnada kufungwa: anauza godoro, anakopa kwa majirani, anapandisha asichokuwa nacho. "Nilifanya hivyo," alisema. "Ukimwonyesha mapema utamkamua mpaka tone la mwisho, halafu bado utamshinda."

Wakaufungua ukurasa wa bidhaa pamoja, kichwa kwa kichwa juu ya simu moja. Mtu mmoja alikuwa amepandisha dau mara saba, kidogokidogo, kila alipozidiwa. Wote wawili walijua maana ya kupandisha kwa namna hiyo. Huenda ni mchuuzi mwoga tu, Mama Sekunde alijiambia.

Akashuka hadi chini ya picha, mahali ambapo watu huuliza maswali kuhusu bidhaa. Hajawahi kupasoma katika miaka yake yote minne ya kazi. Palikuwa na ujumbe mmoja, wala haukuwa swali:

"Samahani wahusika. Mkiibeba, kanyagio msilivute. Kwa ndani limefungwa na waya. Asanteni."

Hakuna aliyekuwa ameujibu.

Fundi aliusoma mara mbili. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Kwenye duka mashine ilikuwa imenyamaza, karatasi zimekwisha.

"Ni mwenye mashine," alisema.

"Ni mwenyewe."

Mama Sekunde alidhani atainuka na kuondoka, na anakiri kwamba alimwombea ainuke. Fundi akarudisha simu mezani.

"Ijumaa saa ngapi?" akauliza.

Itakuwa saa nane. Mama Sekunde hatachukua malipo, na fundi ameahidi kwamba kazi ya kwanza ya cherehani itakuwa mguu wa kushoto wa mtoto, kabla shule hazijafunguliwa. Mtoto ameshaambiwa. Amechagua kamba za rangi ya zambarau.

Mama Sekunde anatumaini kwamba mwakani atapata kazi ya kuchapa mahali popote, hata kwa nusu ya anachopata sasa. Anapoulizwa kama Ijumaa mkono wake utamkubalia, anaangalia vidole vyake kwanza.

"Nitabonyeza," anasema. "Andikeni hivyo hivyo, msinipambe. Mwanangu atavaa kiatu. Na kuna mtu, sijui yuko wapi, atakuwa anaizima simu yake na kuiwasha."