Nilipewa firigisi ya kuku na sikuistahili

Admin, tafadhali jina langu lisionekane popote. Mimi ni msichana wa miaka kumi na nane, nimemaliza kidato cha nne, naishi na wazazi Kibomet, Kitale. Sisi asili yetu ni Murang'a, babu ndiye alihamia huku kulima mahindi. Mimi ni mtu wa haya sana. Darasani ningeulizwa swali, jibu nalijua kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na bado nanyamaza kwa zote mbili. Kwa hivyo mnivumilie nikiandika mrefu, ni hapa tu naweza kuongea.

Mwaka huu nilipata kibarua kasualti, pale wanapopokea wagonjwa wa dharura, kwa hospitali moja hapa mjini. Kazi yenyewe ni rahisi. Mgonjwa akiingia nabonyeza mashini, inatoa tiketi, nampa, anaingia kwa nesi anayeangalia nani amezidiwa. Lakini hiyo tiketi ndiyo inaamsha saa. Kuanzia hapo kompyuta inahesabu amengoja kiasi gani mpaka daktari amwone. Ukutani kuna skrini: watu wakikawia inakuwa nyekundu, wakienda haraka inakuwa kijani. Sista, mkubwa wetu, hiyo nyekundu ilikuwa inamnyima usingizi. "Mnaniaibisha, bana! Ati sisi ndio wa mwisho kila mara!"

Siku moja karatasi ya mashini iliisha. Niliona haya kusumbua mtu wa stoo mara ya pili, nikawaambia wagonjwa wakae benchi la nje kwanza. Karatasi ilipokuja, nikawapa tiketi mmoja mmoja, kila mara daktari anapobaki bila mtu. Jioni skrini ilikuwa kijani kama shamba la chai. Sista alinikumbatia mbele ya kila mtu. "Haka kasichana kananyamaza lakini kanachapa kazi! Endelea hivyo hivyo, mami." Hakuuliza nilifanyaje. Na mimi ambaye sijawahi kupigiwa makofi maishani, niliendelea.

Nilijua, na hiyo ndiyo inaniuma. Watu walikuwa wanangoja vile vile, ni vile tu benchi la nje halina saa. Na nesi akiwa ndani hawezi kuliona.

Sasa, nina rafiki mmoja tu, tangu bweni. Nimwite Nafula. Mama yake anaishi Bungoma, na siku hiyo alikuwa amekuja Kitale kununua mbegu. Aliingia kasualti akishika ukuta.

"Si wewe ni lafiki ya Nafula?" akaniambia. "Mwanangu, huu mkono imelala tangu nitoke sokoni. Hata mdomo naisikia nzito."

Niliangalia skrini. Kijani. Madaktari wote walikuwa na watu. Nikamwambia, "Mama, kaa hapo nje kidogo tu, nitakuita."

"Asante, mwanangu. Mungu ameniletea mtu wa kunijua."

Hata nilimpelekea maji. Nilipotoka kumwita, kikombe kilikuwa chini, yeye ameegemea mama mwingine, mdomo umepinda upande. Alikuwa ananitazama na hawezi kusema kitu. Nilibonyeza tiketi. Daktari akaisoma, akasema, "Ameingia sasa hivi? Basi tumemwahi." Sikumwambia alikuwa amekaa nje. Ilikuwa stroki, kiharusi. Kama ningempa tiketi mlangoni angekuwa mzima? Sijui. Sitawahi kujua.

Aliporuhusiwa, waliniita kwao Bungoma. Mkono wa kulia haushiki kijiko, maneno yanatoka nusu nusu. Walichinja kuku. Baba Nafula akachukua firigisi, ile ambayo kwao ni ya mwenye boma au mgeni wa heshima, akaiweka kwenye sahani yangu. "Huyu hatukumzaa," akasema, "lakini siku mama yenu ameanguka, huyu ndiye alimpokea."

Nafula akaruka. "Heh! Mimi nimezaliwa kwa hii nyumba na sijawahi kuionja, halafu wewe mla githeri wa Murang'a unakuja tu unapewa? Kula haraka kabla nikunyang'anye!" Watu wakacheka. Mama alicheka pia, nusu ya uso. Mimi niliimeza bila kutafuna.

Wiki ijayo wanakuja wageni kutoka hospitali moja ya Bungoma, ile ile anapoenda mama yake Nafula kufanya mazoezi ya mkono. Wanataka kujifunza vile tulipunguza kungoja. Sista amesema, "Mami, wewe ndiye utawaeleza. Usiogope, si ni kuongea tu?" Kuongea tu! Nikinyamaza, benchi litahamia Bungoma, na mama ya mtu atakalishwa hapo. Nikisema, kazi imeisha, Sista ameaibika, na ile nyumba sitaingia tena.

Na aibu yenyewe ni hii: benchi bado liko nje. Jana pia niliwakalisha watu.

Admin, nilitaka kukuomba uondoe hapo kwa firigisi, kwa sababu Nafula anafuata huu ukurasa na akisoma hapo atanijua. Nimeandika hilo ombi nikalifuta mara nyingi. Acha tu ibaki. Ndugu zangu, niambieni, nifanye nini kabla Nafula hajafika hapo kwa firigisi?