Döndü, Msokota Uzi wa Uşak

Mikono ya Döndü haikujua kukaa bure. Hata akienda kisimani, kijiti chake cha kusokotea kilining'inia mbele yake kikizunguka, na uzi ukazidi kurefuka, mwembamba, bila fundo. Katika mtaa wetu wa juu hapa Uşak, katika nchi ya Waturuki, mwanamke alijulikana kwa uzi wake. Mazulia yanayotandikwa majumbani mwa matajiri wa Ulaya yalianzia mapajani mwetu: sisi tulisokota sufu, wengine wakaitia rangi, wengine wakafuma. Mume wa Döndü alichukuliwa jeshini akapelekwa Yemen, na kama wengi waliopelekwa Yemen, hakurudi. Mkewe akabaki na binti mmoja, Nazife, akamlea kwa uzi huo huo, na hakuna aliyewahi kumwona akiomba chumvi kwa jirani. Nasema hivyo kwa sababu jirani mwenyewe ni mimi. Ukuta wetu ulikuwa mmoja.

Ulimi wake ulikuwa wembe. Mtu akileta uzi wenye mafundo, Döndü aliushika kwa vidole viwili na kuuliza, "Hii ni sufu, au umesokota ndevu za mumeo?" Sisi tunakufa kwa kicheko. Aliyeonja wembe huo kuliko wote alikuwa Nazife. Mtoto alikuwa na vidole vizito. Mama yake akaukata uzi wake mbele yetu sote, akautupa kwenye majivu.

"Mjinga wewe. Nikifa utakula nini? Utakula hayo majivu?"

Nazife hakulia. Alikuwa na tabia ya kutazama tu.

Kisha kikajengwa kiwanda kule bondeni, chenye bomba refu la moshi na mashine ya mvuke ya kusokota uzi. Tulishuka kwenda kushangaa. Döndü alirudi akicheka. "Linanguruma kama ngamia aliyevimbiwa. Na uzi wenyewe umelegea, ukiuvuta unakatika!" Kweli ulikuwa umelegea. Lakini walionunua hawakuuvuta.

Vuli ile tulipeleka uzi wetu kwa Hurşit Efendi, tajiri aliyekuwa akitugawia sufu na kuupokea uzi tangu enzi za mama zetu. Hakuugusa.

"Dada Döndü, uzi wako mzuri."

"Najua. Weka kwenye mizani basi."

"Mzuri, ila ghali. Mashine inasokota asubuhi moja kile ambacho mtaa wenu mzima mnakisokota kwa mwezi."

"Zulia la uzi ule litachakaa kabla bibi harusi hajazaa!"

"Litachakaa Paris, dada yangu. Mimi nitakuwa nimeshaliuza." Watu waliokaa naye wakaangua kicheko. "Chukua nusu ya bei. Hutaki, nenda kajisokotee sanda."

Alichukua nusu. Baadaye akachukua robo, na baridi ilipokaza Hurşit Efendi hakumfungulia mtu mlango.

Majira yale ya baridi bei ya ngano ilipanda mno. Bibi Emeti, kikongwe aliyemfundisha Döndü kusokota, tulimkuta amekauka kando ya meko yasiyo na moto, na kinywani ana kipande cha ngozi ya kiatu alichokuwa akitafuna. Nyumbani kwa Döndü mambo hayakuwa mabaya kama kwetu. Nazife, sasa msichana wa miaka kumi na mitano, alisema amepata kazi ya kufua nguo kwa ofisa mmoja, na kila jioni alirudi na mkate. Döndü alikula. Hakuuliza kwa nini mfuaji nguo anarudi na vumbi la sufu kwenye kope.

Siku aliyozikwa Bibi Emeti, wanaume walipokwenda makaburini, sisi tulijaa nyumbani kwa marehemu tukilia. Döndü akasimama.

"Mnalia nini? Machozi yanachemka, yanaiva? Aliyemuua bibi yuko bondeni, anatoa moshi. Twendeni!"

Tukashuka, na kila mtaa tuliopita ulitoa wanawake wake, wenye mashoka, wenye michi, wenye watoto migongoni. Mlinzi alikimbia akaacha viatu. Tulivunja mlango, tukatoa marobota ya sufu, tukakata mikanda ya mashine kwa visu na kuyaponda magurudumu kwa mawe. Sijawahi kufurahi vile, wala sidhani nitafurahi tena.

Nyuma ya marobota yaliyobaki walikuwa wamejificha wasichana wa kiwanda. Kezban, mke wa mchinjaji, alitangulia kuwaona.

"Hawa hapa! Hawa ndio wanaotutoa roho!"

Waliburutwa kwa nywele mmoja mmoja. Wa tatu alikuwa Nazife.

Kezban akashika kiuno. "Ehee! Shoga, kumbe mkate wako unaokwa huku! Sisi tunatafuna viatu, wewe unashiba, halafu unatuongoza vitani?"

Wakaanza kumzomea. Döndü alisimama katikati, uso umemparama.

"Mama," Nazife akasema, "ulikuwa unakula. Kila jioni ulikuwa unakula."

Döndü akampokonya mwanamke mmoja mkasi wa kunyolea kondoo. Alimkalisha bintiye chini, akazikata nywele zake mpaka ngozi ikaonekana, na kwa haraka ile akakata na ncha ya sikio. Damu ilimwagikia sufu. "Huyu si wangu," alisema. Wanawake wakapiga vigelegele.

Wanajeshi walikuja. Sufu tuliyoichukua ilisakwa nyumba kwa nyumba, wengine wetu tukafungwa, Döndü akafungwa muda mrefu kuliko wote. Alipotoka, mashine mpya ilikuwa imeshafika, kubwa kuliko ile ya kwanza, na bomba jingine la moshi lilikuwa limesimama kando yake. Kezban ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpeleka binti yake huko. Tukafuata. Wasichana walirudi wakikohoa, lakini walirudi na mshahara, na baba aliyezoea kumwoza mwanawe kwa fimbo alijifunza kuzungumza naye kwa upole. Mji uliamshwa kwa firimbi ya kiwanda. Mtoto akizaliwa wa kike, watu hawakununa tena.

Nazife hakurudi kwa mama yake. Alipanga chumba karibu na kiwanda. Vile vidole vizito havikuwa na kosa mbele ya mashine. Kilichotakiwa ni jicho la kutazama na moyo usioogopa. Akapandishwa kuwa nyapara wa wasichana, na walimwogopa kuliko mwenye kiwanda.

Döndü aliuza masufuria ya shaba, akauza godoro. Mwisho akashuka bondeni kupanga foleni na vikongwe waliotafuta kazi ya kuchambua sufu chafu, kutoa miiba na mavi ya kondoo. Nami nilikuwa kwenye foleni hiyo. Nazife alipita akikagua mikono, akafika kwa mama yake.

"Jina?"

"Nazife, mwanangu..."

"Nimeuliza jina."

"Döndü."

"Umewahi kushika sufu?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Döndü alinyoosha mikono yake, Nazife akaigeuza juu chini kama anayenunua mnyama.

"Inatetemeka. Haifai."

"Nina njaa, mwanangu."

"Najua. Njaa yako ndiyo iliyonileta hapa. Anayefuata!"

Anayefuata alikuwa Kezban. Alimsukuma Döndü kwa bega. "Sogea, shoga, usituzibie mlango."

Döndü alipanda milimani, kwenye vijiji ambako watu bado walisokota wenyewe uzi wa soksi zao. Wachungaji walimpa pembe ya zizi. Baada ya majira mawili ya baridi, muuza chumvi alituletea habari kwamba amekufa. Nilishuka kiwandani saa ya chakula nikamwambia Nazife.

"Nani kamzika?"

"Wachungaji."

"Vizuri." Aliwaambia wasichana wamalize kula upesi, akaingia ndani. Mchana ule, wasichana walinisimulia, msichana mmoja mgeni aliachia uzi ukakatika. Nazife alimzaba kofi likamwangusha, akamsimamisha, akamzaba la pili, na hakuna aliyethubutu kuinua macho kutoka kwenye mashine.