Mama Fangasi na Miche Elfu Sita Iliyokauka

Saa moja asubuhi, Mama Fangasi amepiga magoti juu ya tuta la mchanga kando ya bahari. Anang'oa nyasi alizozipanda mwenyewe miezi minne iliyopita ili zishike mchanga na kuzuia bahari. Zinatoka bila ubishi, mizizi mifupi, mikavu.

"Ona," anasema, akimpa mwandishi shina moja. "Safi kabisa. Ndiyo maana limekufa."

Jina hilo la Mama Fangasi alibandikwa na wenzake kwenye kitalu cha miche ya nyasi hizo, ambako ana miaka kumi na moja kazini. Kila mfuko wa mche alikuwa akiutia konzi moja ya mchanga uliochotwa chini ya nyasi kongwe. Walimcheka weee, mpaka mtafiti mmoja alipowaonyesha kwa hadubini nyuzi za fangasi zitokazo kwenye mchanga huo, zimeingia ndani ya mizizi, na nyingine ndani ya majani. Hazidhuru. Zinausaidia mche kupata maji na chakula, na kustahimili chumvi.

Kisha akaja meneja mpya. Kusikia tu neno fangasi, akaamuru mchanga ukaangwe mapipani na miche inyunyiziwe dawa ya kuua fangasi kila wiki.

"Nikamwambia, bosi, hawa si ugonjwa, hawa ndio wanaoilisha hii miche. Akaniuliza nimeishia darasa la ngapi."

La saba. Akafyata mkia, akanyunyiza. Hilo ndilo linalomchoma mpaka leo, kwamba pampu ya dawa ilikuwa mgongoni mwake.

Kitaluni miche ilipendeza, ikapigwa picha. Kati ya elfu nane iliyopandwa tutani, elfu sita imekauka. Ripoti ya meneja inasema wapandaji walizembea. Uongo mtupu, tena wa mchana kweupe.

Nyuma ya tuta hilo ndipo anapoishi, vyumba viwili, na mama yake asiyeweza kutembea. Mwaka huu maji ya bahari yameingia ndani mara tatu.

"Mara ya tatu yalifika magotini. Nimembeba mama mgongoni, ananiuliza, 'Mwanangu, si ulisema umepanda?'"

Juzi aliletewa barua asaini kwamba kosa ni la wapandaji. Hakusaini. Aliirudisha ofisini, akaiweka mezani kwa meneja na pampu juu yake: hanyunyizi tena.

Sasa uani kwake kuna mifuko mia tatu ya miche. Mvua zikianza ataipanda mbele ya nyumba, bila kumwomba mtu ruhusa.

Mama yake, ameketi kitandani na beseni la mchanga mapajani, ndiye anayeijaza.

"Huu mmeukaanga?" anauliza.

"Hapana, mama."

"Haya, lete mfuko mwingine."