Maneno ya K na N

Naisenya anakaa peke yake Kitengela, katika nyumba aliyojengewa na wanawe. Rafiki yake Nasieku aliolewa Rombo. Walisoma darasa moja kule Ewuaso Kedong, na mwalimu aliwakaririsha maneno ya Kiingereza yanayoanza kwa k na n. Tangu hapo ukawa mchezo wao, hata uzeeni kwa simu: mmoja anatupa neno, mwingine anadaka maana. Anayekosa anachekwa, "Rudi nasari!"

Juzi binti ya Nasieku alimweleza kwamba mama amekuwa msahaulifu, hata watoto wake anawaita wageni. Naisenya alikataa katakata. Mimi hawezi kunisahau, alijiambia, akapiga simu. Binti akamwekea mama yake simu sikioni.

"Nasieku, ni mimi. Knife?"

Ikaja sauti ile ile. "Kisu."

"Knee?"

"Goti."

"Knot?"

"Fundo. Leta ngumu, wewe!"

Naisenya alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Si nilijua tu!"

"Wewe mama unajua Kizungu," Nasieku akasema, kwa adabu ya kuongea na mgeni. "Shuleni kwetu alikuwako mmoja kama wewe, akiitwa Naisenya. Maringo mengi, lakini kichwa alikuwa nacho. Unamjua?"



"Namjua. Nimpe salamu?"

"Mwambie anipigie simu. Huyo alinisahau kabisa."

"Nitamwambia," Naisenya akasema.