Chumvi ya Mama Ngalula

Maharage mabichi yakichemka hutoa harufu ambayo maharage makavu hayaijui: harufu ya majani yaliyolowa na udongo uliolimwa asubuhi, na ndani yake utamu fulani wa mbali unaomfanya mtoto ameze mate kabla hajaambiwa aende kunawa. Kwa bibi yangu mzaa mama, kule Alimbongo, harufu hiyo ilichanganyika na moshi wa mkaratusi, kwa sababu jiko lake halikuwa na dirisha na moshi ulitokea mlangoni pamoja na watu. Kila msimu, maganda yalipojaa lakini kabla hayajakauka, bibi alimtuma shofa yeyote wa kamio, lori la mazao, atufikishie habari Butembo. Mama alifunga duka lake la vitambaa, akanishika mkono, tukaondoka. Nilikuwa katika umri wa kung'oka meno ya mbele, na niliamini kwamba maharage yale yaliota kwa ajili yangu.

Safari yenyewe ilikuwa nusu ya karamu. Tulikaa juu ya magunia katika makamio yaliyokwenda Kirumba kutafuta mazao, mama akinibana kati ya magoti yake nisirushwe na mashimo. Kamio likikwama kwenye potopoto, wanaume walishuka kusukuma huku wakitukanana kwa furaha, na sisi wanawake tukabaki juu tukitoa mashauri ambayo hakuna aliyeyaomba. Ukishapita Lubero baridi inaingia mpaka kwenye meno. Hapo mama alinivalisha sweta mbili, akaninunulia viazi vya kuchemsha, na nilivishika mikononi muda mrefu kabla ya kuvila, kwa ajili ya joto lake.

Mwaka ninaousimulia tulikwenda na wageni. Nyuma ya ua wetu alikuwa amehamia mwalimu wa sekondari aliyetumwa na serikali kutoka Kasai, na mke wake, Mama Ngalula, hakuwa na ndugu hata mmoja katika mkoa wetu. Alikuwa mnene, mcheshi, fundi wa kusuka nywele. Kiswahili chake kilijaa Kilingala, na mama alipenda kumsikiliza hata pale asipomwelewa. Binti yake Ngalula, mdogo kwangu kidogo, alinifuata kila mahali na kurudia kila neno alilosikia, tabia ambayo ingefaa tuitilie maanani mapema. Mama aliwaonea huruma, akasema waje waone kwetu, wale maharage ya kwanza. Mama Ngalula alifurahi sana. Akanunua pakiti kubwa ya chumvi ya kumpelekea bibi, akaipakata njia nzima isilowe.

Sasa lazima nieleze adabu mbili. Ya kwanza ni ya bibi. Siku za kawaida alionja chakula mwenyewe kwanza, mgeni akimwona, kama wenye nyumba wengi kwetu. Lakini chungu cha kwanza cha maharage mapya kilifunguliwa na mgeni. Bibi alimpa kijiko, akaketi, akaweka mikono mapajani, na hakuna aliyegusa sahani mpaka mgeni ameze. Hakuwa na heshima kubwa kuliko hiyo ya kumpa mtu. Ya pili ni ya wake za walimu na wanajeshi waliotoka mbali. Walipokezana onyo siku ileile ya kufungua mizigo: huku kuna karuho, sumu ya kutiwa kwenye chakula, usile kwa mtu kabla mwenyewe hajala. Wala sitawalaumu peke yao, maana wengi waliambiwa hivyo na sisi wenyeji. Sisi wenyewe tunaogopana.

Basi bibi akaipokea ile chumvi kwa mikono miwili, akaitia palepale kwenye chungu ili mgeni aione imetumika. Akapakua maharage na viazi na puaro, vile vitunguu vya majani marefu, juu yake mafuta ya mawese mekundu yaliyotoka Beni. Akamkabidhi Mama Ngalula kijiko. Mama Ngalula akashukuru, akakishika, akangoja. Bibi naye akangoja. Mimi nilidhani wanasali kimoyomoyo. Bibi akatikisa kichwa kumhimiza. Mama Ngalula akasema kwa upole kwamba hawezi kumtangulia mzee. Bibi akajibu kwamba leo mzee ni yeye mgeni. Mama yangu akacheka kile kicheko alichokuwa nacho dukani mteja anaporudisha kitambaa. Halafu, kwa sababu ya baridi ya Alimbongo, mafuta yakaanza kuganda juu ya maharage, mbele ya macho yangu.

Sikuweza kuvumilia. Nilichukua kiazi kwenye sahani yangu nikakitia mdomoni kizima. Mama akanifinya paja. Ngalula alikuwa ananitazama nikitafuna, akanitazama nikimeza, akaendelea kunitazama kidogo. Kisha akamgeukia mama yake.

“Maman, sasa tukule? Huyu hapana kufa.”

Mama Ngalula alimziba mdomo kwa kiganja, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Mama yangu akainamisha kichwa akawa anachungulia sakafu kana kwamba amedondosha sindano. Nami nikaelewa. Neno karuho nililijua vizuri. Lilisemwa nyumbani kwetu kwa sauti ya chini, juu ya nyumba nyingine. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna nyumba ambamo lilisemwa juu yetu. Uso ulinichoma kwa aibu, mdomo ukiwa bado umejaa ladha ya kiazi, na nilimwonea aibu kila mtu aliyekuwa mle ndani, tangu mkubwa hadi mdogo.

Bibi akainuka. Alikuwa mzee wa kuinuka kwa hatua, kwanza mkono ukutani, kisha goti. “Mungoje kwanza, nionje chumvi,” akasema. “Mukono ya muzee inasahau.” Akachukua kijiko mkononi mwa Mama Ngalula, akala kwenye sahani ya huyo mgeni. Akala kwenye sahani ya Ngalula. Alitafuna taratibu na kumeza waziwazi, kama mgonjwa anayemeza dawa mbele ya nesi. Alipomaliza alikifuta kijiko kwa pindo la kitenge, akakirudisha kwa mgeni. “Chumvi iko,” akasema, akaketi. Hakusema zaidi, siku hiyo wala baadaye. Mama Ngalula akala mpaka sahani ikang'aa, akaomba nyingine, akaila nayo, machozi yakimdondokea kwenye chakula, na sisi tukajifanya tunadhani ni moshi.

Tuliporudi, bibi aliwafungia mfuko wa maharage kama alivyotufungia sisi. Juu ya magunia hakuna aliyetoa mashauri kamio lilipokwama. Nyumbani, nikimsaidia mama kupepeta, nilimuuliza kama amekasirika. Alisema, “Kama angetutukana, ningesahau.” Waliendelea kusalimiana kila asubuhi, kwa heshima zote, na nywele zangu zilisukwa kama kawaida. Lakini sahani haikuvuka ua tena, upande wowote, mpaka mwalimu alipohamishwa. Nakumbuka siku walipopakia vitu vyao Mama Ngalula alisimama kwenye ua wetu muda mrefu, akizungumza habari za njia na mvua, na mama hakumkaribisha ndani.

Leo naishi Beni, nina watoto, na bibi hayupo. Barabara ya kwake imekuwa ya kuulizia habari za usalama kwanza kabla ya kufunga mzigo, kwa hiyo maharage mabichi nanunua sokoni, yameshalegea kwa safari. Msimu huu amehamia jirani mpya, mwanamke aliyekimbia vita upande wa Mangina na watoto wake, akapanga chumba nyuma ya kwetu. Nilimpa sufuria na vitenge. Nilijiona mtu mwema sana. Juzi alisimama mlangoni pangu na sahani iliyofunikwa, na harufu ikaniingia hata kabla hajafunua. Alikuwa amekwenda kulima shamba la watu, akapewa maharage.

Nilipokea sahani kwa mikono miwili, nikashukuru. Kisha nikamwambia aingie, tukule pamoja, na sauti yangu ilikuwa tamu kabisa. Nikampa kijiko yeye kwanza. Mtu mwingine angedhani ni ukarimu. Yeye alikitazama kile kijiko, akanitazama, na mimi nikaangalia pembeni, maana nilijua anaona nini. Akala akiwa amesimama palepale mlangoni. Akameza.

“Tazama, mama,” akasema. “Nimekula.”

Nikamjibu kwamba nilitaka tu kujua kama chumvi inatosha.