Ng'ombe Watano Mkononi mwa Baba

Mahari yangu ilikuwa ng'ombe watano, na hawakumaliza wiki mbili zizini kwetu. Baba aliwabadilisha wote kwa saa ya mkononi.

Wakati huo alikuwa akipanga magari kwenye kivuko cha Busisi. Alikuwa na filimbi na kofia, na sauti ambayo hata madereva wa malori waliitii. Mmoja wa waliovuka mara kwa mara alikuwa mfanyabiashara wa dhahabu, kijana mwenye pesa nyingi na wakwe wagumu. Wakwe zake walikuwa wamekataa noti. Walitaka kuona kwato, na walitaka ng'ombe hao ndani ya siku nne. Yule kijana alikuwa na saa ya Uswisi aliyoinunua Dubai, baba alikuwa na ng'ombe watano waliofika juzi tu, na foleni ya kivuko siku hiyo ilikuwa ndefu. Mpaka zamu yake ya kuvuka ilipofika, walikuwa wamekwisha kuelewana.

Baba zangu wadogo walipokuja kuchukua sehemu yao ya mahari, kama ilivyo kawaida kwetu, walikuta zizi tupu. Wakauliza ng'ombe wako wapi. Baba akakunja mkono wa shati, akawaonyesha. Waliondoka bila kumaliza chai.

Mama hakuiita saa. Aliiita ng'ombe. Tukitaka kujua kama muda wa ibada umefika, alituambia, "Muulizeni baba yenu ng'ombe wanasema saa ngapi." Na baba, ambaye hakuwahi kupandisha sauti nyumbani kama alivyoipandisha kivukoni, alikunja mkono wa shati na kujibu kwa upole kabisa, "Ng'ombe wanasema saa tatu kasoro robo." Mama alishika msimamo kwamba ni feki, na alikuwa na ushahidi wake: saa haikuwa na betri. Saa gani ya bei hiyo isiyokuwa na betri?

Mume wangu hakuthubutu kumtania baba mkwe, heshima hairuhusu, kwa hiyo utani wote niliubeba mimi kwetu Buswelu. Nikichelewa kutoka shuleni ninakofundisha, alisema kwa huzuni ya uongo kwamba angekuwa na ng'ombe wake mkononi angejua nimechelewa kwa dakika ngapi. Nilicheka. Nilikuwa hodari wa kucheka. Lakini iliniuma, nisiseme uongo. Kila nilipomwona baba amekaa benchi la mbele kanisani, mkono ameuweka juu ya goti ili saa ionekane vizuri, niliwaza kwamba baba yangu amenivaa. Wenzangu waliolewa, wazazi wao wakanywa maziwa ya mahari. Mimi niliolewa ili mzee apendeze Jumapili.

Miaka kumi na minne ikapita hivyo. Kivuko kikakosa kazi, watu wakaanza kupita kwenye daraja jipya, baba akastaafu na filimbi yake. Kisha mdogo wangu wa kiume akapata mchumba huko Usagara.

Kwetu kijana huoa kwa ng'ombe wa dada yake. Dada anaolewa, ng'ombe wanaingia. Kaka anaoa, ng'ombe wanatoka. Wakwe wa Usagara walitaka wanane. Mdogo wangu, ambaye ni fundi pikipiki, alikuwa amejinyima mpaka akapata watatu. Watano waliobaki kila mtu alijua walipo. Wakwe wakatoa wiki mbili, na wakadokeza kwamba kuna mwalimu mwenzangu mwenye ng'ombe kamili anayeulizia binti yuleyule. Mdogo wangu akakonda. Mama akamwambia baba mbele yetu sote, "Basi wakamue."

Mimi ndiye niliyetafuta mnunuzi. Nilimpata mtandaoni, kijana mwenye duka mjini, anayenunua saa za kifahari zilizokwisha kuvaliwa na kuwauzia wanaozikusanya. Duka lilikuwa ghorofa ya pili, lina mlango wa kioo unaofunguliwa kwa kengele, na ubaridi wa kuhifadhia samaki. Baba alikuwa amevaa suti yake ya harusi yangu.

"Shikamoo mzee," kijana alisema. Alikuwa amevaa glovu nyeupe.

"Marahaba. Unaumwa mikono?"

"Hapana mzee, ni kwa ajili ya saa. Naomba niione."

Baba akanyoosha mkono juu ya kaunta, saa ikiwa bado imefungwa. "Iangalie hapohapo." Kijana akaeleza kwamba lazima aishike na kuifungua. Baba akasema mnadani ng'ombe hukaguliwa akiwa amesimama. Ilibidi nimwombe mara mbili ndipo akaivua, na akaivua polepole, kama anayemvua viatu mtoto aliyelala. Pale saa ilipokuwa, ngozi ilikuwa nyeupe kidogo.

Kijana akaifungua mgongo, akaweka kioo chake jichoni, akainama. Baba akainama naye, vichwa vyao vikakaribia kugongana.

"Nimeishi naye miaka kumi na minne," baba akaninong'oneza, "sijawahi kumwona tumbo."

Niliwaza mdogo wangu na yule mwalimu mwenye ng'ombe kamili, nikajikuta nasali. Niliwaza pia mama akithibitika kuwa alisema kweli, na hapo nikasali zaidi, maana baba asingepata tena amani ndani ya nyumba ile.

"Mzee, hii ni orijino," kijana akasema. "Orijino kabisa. Haitumii betri, inajijaza yenyewe mkono ukitembea. Na umeitunza."

Baba hakuonyesha furaha. Alinigeukia tu, akasema, "Mpigie mama yako."

Nikampigia. Nikamweleza alichosema mnunuzi, na habari ya betri pia. Nikasikia kuku wa mama. Kisha akasema, "Mwambieni huyo kijana aangalie tena."

Bei nayo ilikuwa na vituko vyake. Kijana alihesabu kwa dola, baba alihesabu kwa ng'ombe, mimi nikakaa katikati nikitafsiri kwa kalkuleta ya simu. Ilitosha ng'ombe watano na kubaki. Baba akasema ni haki, kwa muda wote huo lazima wangekuwa wamezaa.

Ndipo kijana akauliza, "Boksi na karatasi zake mnazo?"

Boksi hatukuwa nalo. Yule wa dhahabu alikuwa ameivua mkononi moja kwa moja. Kijana akavua glovu moja, nikajua mambo yameharibika.

"Mzee, nakuheshimu, lakini bila karatasi siwezi. Saa hizi zinaibiwa sana. Nikinunua ya wizi, polisi wanakuja kwangu. Nahitaji kitu chochote kinachoonyesha mmeipataje."

Nilianza kumsihi. Nilimweleza habari za Usagara, za wiki mbili, nikamweleza hata habari za mwalimu. Alinisikiliza kwa adabu huku akiirudisha saa kwenye kitambaa. Wakati huo baba alikuwa akipapasa mfuko wa ndani wa koti. Akatoa mfuko wa plastiki, ndani yake mfuko mwingine, ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Karatasi si hii?" akasema. Alishangaa kwamba tulikuwa tumehangaika.

Kilikuwa kibali cha kuhamisha mifugo. Mtendaji wa kijiji chetu wa siku zile alikuwa mtu asiyeruhusu hata mbuzi kuvuka barabara bila muhuri, na baba alikuwa amekataa kuwatoa ng'ombe wake bila maandishi ya kilichoingia badala yake. Fomu ilikuwa moja tu, ya ng'ombe. Mtendaji akaitumia hiyohiyo. Kijana akaisoma kwa sauti. Mistari mitano ya kwanza ilikuwa ng'ombe wangu: mwekundu, mweusi mwenye baka tumboni, majike mawili ya kijivu, ndama dume. Mstari wa sita ulisema hivi: Aina, saa. Idadi, moja. Jinsia, dume. Rangi, fedha, uso mweusi. Alama mgongoni, na hapo pakafuata namba ndefu. Chanjo, bado.

Kijana alicheka mpaka akashika kaunta. Kisha akaigeuza saa, akalinganisha namba na ile ya kwenye karatasi, tarakimu moja moja, na kicheko kikakatika. Zilikuwa zilezile. Chini palikuwa na sahihi ya yule wa dhahabu, sahihi ya mtendaji, na muhuri.

"Mzee," akasema, "kuna watu wananiletea karatasi za Uswisi ambazo hazijanyooka hivi. Nanunua." Akachukua fomu yake ya mauzo, akaanza kunakili. Akakwama katikati. "Ila hapa kwenye mwenye mali si jina lako. Limeandikwa jina la kike."

Lilikuwa jina langu. Liliandikwa kwa wino wa bluu, na ubini wangu wa nyumbani, kama vile sijaolewa.

Nilimtazama baba. Alikuwa akiangalia ukuta, mahali pasipokuwa na kitu.

"Shangazi yako," akasema mwishowe.

Shangazi yangu, dada yake baba, aliishi na mume aliyempiga mpaka siku mume huyo alipofariki. Sote tulijua. Tulijua pia kwamba alikimbilia nyumbani mara tatu, na mara zote tatu akarudishwa.

"Angerudi nyumbani, ilitakiwa turudishe ng'ombe wao," baba akasema. "Hatukuwa nao. Walikuwa kwa kina mama yako. Mimi nilioa kwa ng'ombe wale." Akaukunja mfuko wake wa plastiki. "Mara ya tatu mimi ndiye niliyemsindikiza. Ng'ombe wako nikasema hawagawanywi. Wangekaa zizini, baba zako wadogo wangewamaliza, au ugonjwa wa kimeta. Saa hailiwi. Ungerudi siku yoyote, ningeivua siku hiyohiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie lini? Siku ya harusi? Unakwenda kwa watu, mimi nakuonyesha mlango wa kurudia? Na ungemwambia mama yako, mama yako angemwambia kila mtu, kesho yake baba zako wadogo wako mlangoni na mundu wa kuigawa."

Nilicheka, na hapohapo nikalia, mbele ya kijana yule mwenye glovu moja. Nililia kwa aibu. Nilikuwa nimemhesabu baba yangu kuwa mwenye majivuno kwa miaka kumi na minne, na alijua namhesabu hivyo, akaendelea kukaa benchi la mbele.

Kijana akasukuma fomu na kalamu kwangu, taratibu. Baba akaweka kiganja juu ya fomu.

"Mdogo wako anaweza kusubiri," akasema. "Wachumba wapo. Nataka nikuulize wewe kwanza, na unijibu kweli. Huko uliko, uko salama? Maana tukiwatoa hawa, sina wengine."

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, hata siku ya kuolewa. Kwa hiyo sikujibu haraka. Nilimfikiria mume wangu kwa haki. Anakaanga mayai kwa mafuta ya kutosha sambusa. Anaimba bezi kanisani na hana bezi. Husahau siku ya ada, husahau funguo, huacha taulo mahali ambapo taulo halijawahi kuwa na kazi. Hajawahi kuninyanyulia mkono, na nikichelewa hutoka na tochi kunipokea njiani, utani wa ng'ombe ukiwa umekwisha kuandaliwa.

"Nimefika, baba," nikamwambia. "Sirudi. Mwache mdogo wangu aoe."

Alinitazama usoni kwa muda mrefu, vile anavyomtazama ng'ombe kabla ya kukubali bei, akitafuta kama kuna mahali anaumwa. Kisha akaondoa kiganja chake juu ya fomu.